Kodi ya kuku na pikapu ya kaka

Najua nimekuwa kimya tangu Krismasi. Kazi zimebana, na baridi ya Minnesota ikishika, hata vidole vya kuandikia havikubali. Leo lakini nina deni la kulipa, tena deni la maneno, nikaona niliweke hapa ili kila mtu wa nyumbani alisome, akiwemo yule mwenyewe ninayedaiwa naye.

Jumapili mbili zilizopita kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Muheza. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya habari za mama na za shamba, akaingia kwenye lililompigisha simu. Kila msimu wa machungwa anakodi pikapu kuyatoa shambani mpaka barabara kuu, na kila msimu mwenye pikapu anaondoka na faida kuliko mwenye machungwa. Akasema, "Mdogo wangu, wewe uko Marekani, nchi ya magari. Sikuombi gari la fahari. Nitumie pikapu ndogo tu, Hilux, hata iwe imechoka, sisi tutaifufua."

Nikamjibu, "Kaka, huku hakuna Hilux."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema polepole, "Marekani hakuna Hilux."

"Hakuna, kaka."

"Haya bwana. Wasalimie wote." Simu ikakatika.

Siku mbili baadaye mama akanipigia. Akazunguka wee, mwisho akalitoa: "Kaka yako anasema siku hizi unanyima kizungu."

Neno hilo limenikaa kifuani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilisema kweli tupu, ila kweli yenyewe inafanana sana na uongo wa mtu mchoyo. Nani ataamini kwamba nchi yenye magari kuliko nchi nyingi duniani haina gari ambalo hata Maramba na Amani lipo? Basi leo nataka niwaeleze kwa nini. Maelezo ni marefu, na yanaanza na kuku. Sitanii. Kuku hasa, wa kisasa, wale wa nyama.

Kwanza nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ya wale wadogo ambao hawakuiona Datsun ya baba. Baba alipoacha kazi kwenye mkonge alichukua kiinua mgongo chake, akaenda Tanga mjini, akarudi na Datsun pikapu ya mtumba, rangi ya maziwa, mlango wa kushoto haufunguki. Ilibeba machungwa, ikabeba mbao, ikabeba maharusi, ikabeba wagonjwa usiku kuwapeleka Teule. Asubuhi haikuwaka bila kusukumwa, na sisi watoto ndio tuliokuwa betri yake. Mvua za El Nino za mwaka 1998 ziliikuta haina breki. Baba akaiegesha chini ya mwembe akisema ni ya muda tu. Kuku wakahamia ndani, wakatagia kwenye kiti cha dereva, na haikuondoka tena. Kwa hiyo kaka anaponiomba pikapu najua haombi gari tu. Anataka uwanja ule uwe na kishindo tena.

Sasa ya kwangu. Mwaka 2019 nilinunua pikapu ya mtumba, Ford Ranger ya mwaka 2006, ndogo, milango miwili, injini ya silinda nne lita 2.3, giya za mkono. Ilikuwa imekwenda maili 131,000, yaani kilometa 210,000 hivi. Nililipa dola 3,800 taslimu, zilizotokana na miaka miwili ya kufagia maofisi usiku. Aliyeniuzia ni mzee mmoja Mmarekani wa mtaa wa pili. Tulipomaliza kutia saini kadi ya gari alinivuta mpaka kwenye kioo cha mbele, pale chini ambapo huonekana namba ya chesisi, akanionyesha herufi ya kumi na moja. Ilikuwa P. "Hii P," akasema, "maana yake ni kiwanda chetu. Hii gari imezaliwa hapahapa St. Paul. Mimi nilifanya kazi pale miaka ishirini na minane."

Nilidhani ananipamba nisibadilishe mawazo. Baadaye nikaja kujua kwamba ni kweli. Katika namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, ile ya kumi na moja hutaja kiwanda, na kwa Ford, P ilikuwa kiwanda cha St. Paul. Kilifunguliwa mwaka 1925 kwenye ukingo wa mto Mississippi, katika mtaa wa Highland Park. Umeme wake ulitoka kwenye bwawa la mto pale chini. Chini ya kiwanda kulikuwa na mchanga mweupe laini, nao wakauchimba kwa mahandaki wakatengenezea vioo vya magari. Hebu fikirini, kioo kinatoka chini ya miguu yako na umeme unatoka mtoni pembeni yako. Kilianza na Model T, na miaka yake ya mwisho kikawa kinatoa pikapu ndogo za Ranger tu.

Mwaka 2006, mwaka uleule ilipotengenezwa yangu, kampuni ilitangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Siku ya kufunga ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Ranger ya mwisho ikatoka Desemba 2011. Nimekwenda mara kadhaa kupaona mahali hapo na pikapu yangu. Kiwanda kilibomolewa, na kwenye eneo la zaidi ya ekari 120 sasa kuna majumba mapya, bustani na mfereji wa maji, pakaitwa Highland Bridge. Nilipaki, nikazima injini, nikajisikia kama mtu aliyempeleka mtoto kwao akakuta nyumba haipo.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Ranger ilipendwa, na mpaka leo watu wananisimamisha kwenye vituo vya mafuta wakiniuliza kama naiuza. Kwa nini basi waliacha kuitengeneza? Na kwa nini mahali pake hapakuja Hilux, ambayo dunia nzima inaendesha? Nikaanza kusoma, na kila nilipofuata uzi ulinipeleka kwenye banda la kuku.

Mambo yalikuwa hivi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafugaji wa Marekani waligundua namna ya kufuga kuku kwa maelfu katika mabanda makubwa, na bei ya kuku ikashuka sana. Kuku ambaye zamani alikuwa chakula cha Jumapili akawa chakula cha kila siku. Waliobaki wakagandishwa wakapelekwa Ulaya, hasa Ujerumani Magharibi, na Wajerumani wakawapenda kwa urahisi wao. Wafugaji wa Ulaya wakalalamika kwamba wanauawa sokoni. Ninyi wenye kuku wa kienyeji mnaelewa uchungu huo vizuri kabisa. Basi mwaka 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku wa kutoka nje, na Wamarekani wakaona soko lao linafungwa.

Magazeti yaliuita mgogoro huo vita vya kuku. Walibishana zaidi ya mwaka mzima. Mwishowe jopo la wasuluhishi wa biashara ya kimataifa likakaa mwaka 1963, likakadiria kwamba Marekani imepoteza biashara ya dola milioni 26, na kwamba inaruhusiwa kulipiza kwa kiasi hicho. Tarehe 4 Desemba 1963, siku kumi na mbili tu baada ya Kennedy kuuawa, Rais mpya Lyndon Johnson akatia saini tangazo la kuweka ushuru kwenye vitu vinne vya kutoka nje: wanga wa viazi, dekstrini ambayo ni aina ya gundi ya wanga, brandi ya bei kubwa, na magari madogo ya mizigo. Kwa magari hayo ushuru ulikuwa asilimia 25. Ulianza tarehe 7 Januari 1964. Kwa sisi wa pwani ni rahisi kuikumbuka tarehe hiyo, kwa maana siku tano baadaye yalikuwa Mapinduzi ya Zanzibar.

Gari lililolengwa lilikuwa Volkswagen, ile yenye uso wa duara, ambayo Wajerumani walikuwa wakiiuza hapa kama gari la mizigo na kama pikapu. Lakini sheria za biashara ya kimataifa zilitaka ushuru wa namna hiyo utozwe nchi zote sawasawa, usiichague moja. Kwa hiyo aliyekosa ni Mjerumani, na fimbo ikampata kila mtu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi zilikuwa Japani, ambayo haikuuza kuku wala kununua kuku katika ugomvi ule. Datsun na Toyota walikuwa ndio kwanza wanaanza kuleta pikapu zao ndogo. Pikapu ya dola 2,000 ilipofika bandarini, ushuru peke yake ni dola 500.

Ushuru wa wanga, dekstrini na brandi ulikuja kuondolewa. Wa magari ulibaki. Ugomvi wa kuku ulishapoa na waliogombana walishazikwa, lakini kodi imeishi zaidi ya miaka 60, na hapa bado inaitwa kodi ya kuku.

Mnajua lakini kwamba penye kodi pana ujanja, na ujanja hauna taifa. Wajapani waligundua kwamba gari lisilo na bodi ya nyuma, yaani kichwa na chesisi tu, hutozwa asilimia 4 badala ya 25. Basi wakawa wanaleta vichwa na chesisi, na mabodi yanafungwa hapahapa Marekani. Toyota ilikuwa na kiwanda cha mabodi hayo Long Beach, California. Hata kampuni za Kimarekani zilijiunga na mchezo huo. Kuanzia mwaka 1972 Chevrolet iliuza pikapu iliyoitwa LUV, nayo ilikuwa Isuzu iliyobadilishwa jina, ileile tuliyoiita Isuzu KB. Ford nayo iliuza Courier, iliyotengenezwa na Mazda. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Wamarekani walizikimbilia pikapu hizi ndogo. Mwaka 1980 watu wa forodha wakaliziba tundu: kichwa na chesisi navyo vikahesabiwa kuwa gari la mizigo.

Kuna ujanja mwingine ambao nilipousoma nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Mwaka 1978 Subaru walileta pikapu ndogo iliyoitwa BRAT. Nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, walifunga viti viwili vya plastiki vinavyotazama nyuma, vyenye vishikio vya mikono. Kwa nini? Kwa sababu yenye viti ni gari la abiria, na gari la abiria lilitozwa kodi ndogo sana. Rais Ronald Reagan mwenyewe alikuwa nayo moja kwenye shamba lake la California.

Wenye umri wangu mmeshajua nilichokikumbuka. Chai maharage! Serikali yetu iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam mwaka 1983, pikapu nyingi ziliezekwa turubai, zikawekwa mabenchi mawili, watu wakakaa wakitazamana magoti kwa magoti. Unguja mpaka leo kuna magari ya abiria yenye bodi za mbao yaliyotoka kwenye ukoo huohuo. Kwa hiyo miaka michache tu ilitenganisha Mjapani aliyefunga viti nyuma ya pikapu ili kumkwepa mtoza ushuru wa Marekani na fundi wa Dar aliyefunga mabenchi nyuma ya pikapu ili kina mama wafike Kariakoo. Chombo ni kimoja, viti ni vilevile. Tofauti ni kwamba vya kwetu vilikaliwa.

Na msidhani ujanja umekwisha. Ford wenyewe walikuwa wakileta magari madogo ya mizigo kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma, kisha viti vikitolewa baada ya kupita forodha. Serikali iliwafungulia madai, na mwaka 2024 Ford ilikubali kulipa dola milioni 365 ili yaishe. Yote hayo, kumbukeni, kwa sababu ya kuku waliokwisha kuliwa kabla sijazaliwa.

Tundu lilipozibwa, aliyetaka kuuza pikapu ndogo hapa ilibidi aitengenezee hapa. Nissan walifungua kiwanda Smyrna, Tennessee, na Juni 1983 pikapu ya kwanza ikatoka. Chevrolet walitoa S-10 na Ford wakatoa Ranger, zote mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikachukua nafasi ya zile za Isuzu na Mazda. Toyota nao walianza kutengeneza pikapu California. Jina la Hilux walikuwa wameshaliacha hapa tangu miaka ya 1970, wakiiita pikapu tu, na mwaka 1995 wakaleta Tacoma, gari jingine lililobuniwa kwa ajili ya huku. Tangu hapo Hilux ikaendelea na safari yake ya dunia bila kupita Marekani.

Kodi inayokusudiwa kulinda hulinda, lakini tuangalie ililinda nini. Nyuma ya ukuta ule kampuni za hapa hazikuwa na mtu wa kuzisukuma upande wa gari dogo. Pikapu kubwa ina faida kubwa, kwa hiyo wakaisukuma hiyo. Kanuni za matumizi ya mafuta zilizoanza miaka ya 2010 ziliweka lengo jepesi kwa gari lenye eneo kubwa kati ya magurudumu na gumu kwa gari dogo, zikaongeza uzito upande uleule. S-10 ilikoma mwaka 2004. Ranger ilikoma mwaka 2011, na yule mzee aliyeniuzia yangu akabaki na wenzake karibu 800 mlangoni mwa kiwanda. Kodi iliyosemwa inawalinda wafanyakazi haikulilinda lango lao. Jina la Ranger lilirudi mwaka 2019, ila sasa ni gari kubwa. Mnazoziona Dar zenye jina hilo pia ni nyingine kabisa, hazina undugu wa damu na yangu. Pikapu ndogo mpya ilikuja kuonekana tena kwa modeli za mwaka 2022: Ford Maverick, kutoka Mexico, nchi ambayo mkataba wa biashara wa mwaka 1994 uliitoa kwenye kodi ya kuku.

Hiyo ndiyo historia. Sasa niwaambie ya kuishi nayo, maana najua mtauliza.

Baridi ya kwanza iliniaibisha. Pikapu hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyuma hakuna uzito. Theluji ilipoanguka nilikanyaga mafuta kwenye taa, mkia ukatangulia mbele, nikajikuta natazamana na watu niliokuwa nimewapa mgongo. Jirani Msomali, mzee wa Barawa anayezungumza Kiswahili cha zamani kitamu sana, akaniambia nunua mchanga. Nikanunua mifuko minne, kila mmoja paundi 60, kama kilo 27, nikailaza juu ya ekseli ya nyuma. Tangu hapo inatulia. Kila Novemba napakia mchanga, kila Aprili naushusha. Baba angecheka sana, mwanawe anabeba mchanga usiokwenda kujenga kitu.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Huku wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chuma kama mchwa. Baridi ya tatu kile kipande kinachoshikilia springi ya nyuma kwenye chesisi kililika mpaka kikakatika, nikasikia kishindo, gari likakaa upande kama kuku aliyevunjika mguu. Fundi wa kwanza alitaka dola 900. Nikanunua spea mwenyewe kwa dola 60, nikalala chini ya gari Jumamosi mbili na nyundo. Niliyojifunza kwa kumshikia baba spana yalirudi yote.

Na mwenye pikapu huku hana Jumamosi. Kila Mswahili anayehama nyumba ananijua. Mwaka juzi niliibebea vitu familia ya Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, watu saba, kitanda, meza na magodoro ya kupewa. Mama mwenyewe alikataa kukaa mbele. Alisimama pembeni akahakikisha kila fundo limekazwa, akaniambia, "Baba, sisi tulishapoteza vitu njiani mara nyingi." Siku hiyo niliendesha polepole kuliko siku zote.

Sasa kaka, nakugeukia wewe. Shikamoo tena.

Hilux siwezi kukutumia kwa sababu haijauzwa hapa tangu enzi zile, na gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya hapa haliruhusiwi kuingia mpaka litimize miaka 25. Nafikiri utaniuliza, basi nitumie hiyo Ranger yako. Nimelifikiria, tena usiku. Usukani wake uko kushoto, na wewe ukitaka kulipita lori barabara ya Segera utalazimika kumuuliza abiria kama njia ni nyeupe. Spea zake Muheza hazipo, Tanga hazipo, na kila kitakachokatika utanisubiri mimi. Umri wake utaangukia kodi ya uchakavu. Ukijumlisha meli na bandari, itakufikia kwa bei ya gari zuri, na miezi sita baadaye itakuwa chini ya mwembe pamoja na Datsun.

Lakini kuna jambo moja linalochekesha. Wamarekani waliokosa pikapu ndogo sasa wanaagiza kutoka Japani zile Suzuki Carry zilizozidi miaka 25. Ndiyo, kirikuu! Mtu mzima mwenye shamba na trekta anajigamba na kirikuu, na baadhi ya majimbo yanakataa kuipa namba ya barabarani. Kitu ambacho huku watu wanahangaika kukipata, kwenu kinapita mbele ya mlango kila asubuhi kikiwa na usukani upande wako na spea kwenye kila duka.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Tangu siku ile mama aliponipigia, hela ya kila mzigo ninaobeba Jumamosi naiweka kwenye kopo la kahawa juu ya friji, na mke wangu ndiye mweka hazina, mnamjua hana mchezo. Ranger haitavuka bahari, lakini itakubebea machungwa kutokea hukuhuku. Wewe tafuta kirikuu nzima, mpeleke fundi aikague chini, si juu tu. Kabla ya msimu nusu ya bei itakuwa imefika. Nusu nyingine tuongee, kwa sababu najua hutaki kupewa gari lote na mdogo wako, na mimi najua ungekataa kimoyomoyo hata kama ungelipokea.

Nipigie Jumapili. Usinipigie kuniambia asante, nipigie tugombane kuhusu rangi. Kaka, si choyo. Ni kuku.

Mama, shikamoo. Waambie watoto wasiwafukuze wale wanaotagia kwenye Datsun.

Wasalaam, nduguyenu wa kwenye theluji.